Kiatu Kisicho cha Kushoto wala cha Kulia

Kazi ya Philippa Strudwick ilikuwa kutazama shimo. Tusimdharau. Wapo watu wanaolipwa kutazama wenzao wakifanya mtihani, na dunia haijawahi kuwacheka. Philippa alisomea mambo ya kale chuo kikuu, akavishwa joho na kofia, akapigwa picha na mama yake, kisha akapelekwa kwenye matope kusimama kando ya katapila kutwa nzima, akiangalia udongo unavyochotwa. Akiona kitu cha kale, ananyanyua mkono na katapila inasimama. Asipoona kitu, mkono unabaki mfukoni, na jioni anaandika: hakuna kilichoonekana. Katika maisha yake ya kazi alikuwa ameiandika sentensi hiyo mara nyingi kuliko jina lake mwenyewe.

Mwezi huo wa Novemba alikuwa Askerby, kwenye jumba lenye madirisha mengi kuliko watu waliopata kuchungulia. Jumba lilikuwa linageuzwa hoteli ya harusi. Maharusi, kama inavyojulikana, huoga sana, hivyo bomba jipya la maji machafu lilipaswa kukatiza uwanja mzima wa nyasi, kutoka jikoni hadi mazizi ya farasi. Sheria ya wilaya haikuruhusu mtu kuchimba kwenye uwanja wa jumba kongwe namna ile bila mtaalamu kusimama pale akitazama. Basi Philippa akasimama. Alisimama kwenye mvua, kwenye upepo, na kwenye ile hali ya tatu ya nchi ile ambayo si mvua wala si upepo, ila hukuloanisha soksi.

Alilala katika chumba kilicho juu ya baa ya kijiji. Kabla ya Askerby alikuwa na chumba juu ya baa nyingine, na kabla ya hapo nyingine, na kote alipewa ufunguo uliofungwa kwenye kipande kikubwa cha ubao, na kote chini ya sakafu yake watu walikuwa wakicheka mambo asiyoyajua. Alikuwa amezoea. Mtu huzoea hata chakula cha bweni.

Jambo ambalo hakuwa amelizoea ni kibanda.

Wachimbaji walikuwa na kibanda cha bati cha kunywea chai, chenye hita ya gesi na dirisha moja lililofunikwa na mvuke. Kila siku saa nne asubuhi katapila ilizimwa, wanaume watatu wakaingia humo, mlango ukafungwa, na Philippa akaenda kunywa chai ya themosi ndani ya gari lake. Hakuna aliyemkataza kuingia. Hakuna pia aliyemwambia karibu, na kwa watu wa pale mambo hayo mawili ni kitu kimoja. Mtu wa Askerby angekubali kuota ukungu nje ya mlango kuliko kuugonga bila kualikwa.

Wanaume wenyewe walikuwa hawa. Neville Pask, msimamizi, mzee mwenye mashavu mekundu aliyeisubiri kila Ijumaa kama mfungwa anavyosubiri msamaha wa rais. Garrity, dereva wa katapila, mkimya, mwenye picha ya binti yake kwenye kioo cha mbele. Na Mossop, mtu wa sepetu, ambaye kazi yake ya kweli, ile aliyoumbiwa, ilikuwa utani.

Wiki ya kwanza walimwita "samahani." Wiki ya pili Mossop akamfukia dinosa wa plastiki.

"Profesa!" aliita toka mtaroni, kashika kifua. "Njoo haraka! Nadhani huyu bado anapumua!"

Philippa akashuka, akapiga magoti, akamchunguza dinosa kwa muda mrefu. Angeweza kukasirika. Badala yake akatoa mfuko mdogo wa plastiki wa kuhifadhia vitu vya kale, akamtia dinosa humo, akaandika kibandiko na kukibandika.

"Ni jike," alisema. "Tena mzazi. Mmeua familia nzima."

Kisha Garrity, huyo huyo asiyesema, akapiga honi ya katapila kwa kicheko.

Tangu siku hiyo mtaro wa Askerby ukawa na hazina nyingi kuliko makaburi ya wafalme. Alifukuliwa mwanasesere wa bustanini mwenye ndevu na fimbo ya kuvulia samaki. Yalifukuliwa meno ya bandia ambayo mwenyewe, kwa maelezo ya Mossop, alikuwa bado anayatafuta nyumbani. Jumatatu moja ilionekana mifupa ya kuku wa jana yake, imelazwa chali kwa heshima zote, kijiko cha chai kifuani.

"Huyu alikuwa chifu," alitangaza Philippa kwa sauti ya mazishi. "Tazameni silaha yake. Alikufa kifo cha kishujaa."

"Kifo gani, Profesa?"

"Cha oveni."

Mzee Pask alicheka hadi akashika ukuta. Philippa naye alicheka hadi helmeti ikamshukia machoni, na humo gizani akagundua kwamba hakukumbuka mara ya mwisho alipocheka na mtu aliye hai, aliyesimama mbele yake, si wa redioni. Jioni aliwapanga wote juu ya dashibodi ya gari, dinosa, mvuvi, meno na chifu, kila mmoja na kibandiko chake, akawaaga kwa majina kabla ya kupanda chumbani.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, kwa sababu alianza kuyasubiri. Kila asubuhi aliutazama mtaro kwanza kwa ajili ya Mossop, halafu ndipo kwa ajili ya historia. Kulipokuwa hakuna kitu alihisi kama mwanafunzi ambaye siku ya wageni imefika na jina lake halijaitwa getini.

Ijumaa hiyo Pask aliwakusanya mapema.

"Sikilizeni. Tukigusa ukuta wa mazizi, kazi imekwisha. Sitaki kuona mtu anazubaa hapa mpaka jioni. Tukimaliza saa sita, saa sita. Kila mtu kwake."

"Mimi saa nane niko stesheni," alisema Garrity. "Orla anashuka na treni. Ni wikiendi yangu."

"Utafika, bwana. Mossop, wewe huna kwako lakini utaondoka vilevile."

"Nina kwangu, mzee. Ila mke wangu hajui kama ni kwangu."

Pask akamgeukia Philippa, akajikuna shingo kama mtu anayetaka kuposa. "Na wewe Profesa, hii ya kunywa chai garini kama askari wa doria, mwisho jana. Leo uje ndani kama binadamu."

"Sawa," alijibu Philippa kwa utulivu mkubwa. Kisha akaenda nyuma ya gari, ambako hakuna aliyemwona, akashika helmeti yake kwa mikono miwili na kusimama hivyo kidogo.

Mvua ilianza muda mfupi kabla ya chai. Katapila ilikuwa karibu kufika mazizini pale udongo ulipobadilika rangi, ukawa mwekundu kama tofali, kisha mweusi. Philippa akasogea. Chini pale mawe yalikaa nusu duara, yameungua, na kati ya mawe mawili kilichomoza kiatu kidogo cha ngozi.

Alitabasamu kabla hajafikiri.

Kilikuwa kizuri mno. Vitu vya kale vya kweli haviji hivyo. Huja kama meno ya babu, kimoja hapa, vinne havipo. Huu ulikuwa mpango kamili, na jana yake tu Mossop alionekana akirandaranda nyuma ya mazizi na begi. Sasa hivi alikuwa ameegemea sepetu, akiangalia mawingu kwa uso wa malaika, ingawa kwa kweli uso huo alikuwa nao siku zote, hata alipokuwa hana hatia. Philippa akawaza: amehangaika mvuani, amechoma mawe, amepaka masizi. Nikisimamisha katapila nitawachelewesha, na utani wenyewe utaharibika. Afadhali nikautolee ndani, mezani, mbele ya wote.

Akainama, akachomoa kiatu, akakitia mfukoni mwa koti lake la reflekta. Kisha akamwinulia Garrity kidole gumba: endelea.

Garrity, ambaye toka juu hakuona kitu ila kidole, akaendelea. Katapila ikateremsha kijiko chake na kubeba nusu ya mawe, na kuyamwaga kwenye lundo.

"Chai!" alipiga kelele Pask.

Ndani ya kibanda kulinuka gesi, soksi na mkate uliobanikwa. Walimpa kiti chenye mgongo, ambacho ni dhahiri kilikuwa cha Pask. Mossop akamimina chai nyeusi kama lami, akaongeza maziwa.

"Sukari, Profesa?"

"Vijiko viwili."

"Viwili! Mzee, huyu ni wetu. Nilidhani wasomi wanakunywa chungu."

Philippa akalizungushia mikono kombe. Joto lilimpanda hadi viwikoni. Nje mvua ilipiga bati, na kwa mara ya kwanza ilikuwa ikipiga bati alilokuwa chini yake. Akakunywa. Akasubiri hadi Garrity amemaliza habari za treni. Kisha akatoa kiatu mfukoni, polepole, akakiweka mezani kando ya biskuti.

"Mossop," alisema. "Nakuvulia helmeti. Hiki ndicho bora kuliko vyote."

Mossop akakitazama kiatu. "Nini hicho?"

"Usijitie hujui. Umekitoa wapi?"

"Mimi? Hicho sijawahi kukiona." Akawageukia wenzake, na uso wake ukafunguka taratibu kwa furaha. "Ee! Mmemwona? Profesa katulipizia! Katuletea kiatu cha utani yeye mwenyewe!"

Kibanda kikalipuka. Pask alipiga meza hadi biskuti zikaruka. Garrity akafuta macho kwa mkono wa shati. "Na ulivyokaza uso!" alisema. "'Nakuvulia helmeti!' Mungu wangu, dada, wewe ni hatari." Mossop akasimama, akamsujudia mpaka chini kama anavyosujudiwa malkia, akamwongezea chai bila kuombwa.

Philippa alicheka nao. Alikuwa anacheka bado pale alipokichukua kiatu na kukigeuza kwenye mwanga wa taa.

Kilikuwa cha mtoto. Ngozi ilikuwa imekakamaa, nyeusi, na soli imeshikwa kwa vijiti vidogo vya mbao. Akaitazama soli hiyo kwa muda. Haikupinda upande wowote. Haikuwa ya mguu wa kushoto wala wa kulia, kwa sababu washona viatu wa zamani walishona umbo moja tu, mwenye miguu akaelewana na kiatu mwenyewe. Kisiginoni palikuwa na tundu, palipochakaa kwa kukimbia.

Na kilikuwa kimoja. Alijua kwa nini. Wajenzi wa enzi hizo walificha kiatu kikuukuu cha mtu wa nyumbani karibu na meko, ili baya lolote litakaloshuka na bomba la moshi linase humo, liwaache watu walale.

Kila mtu Askerby alijua kwamba palikuwa na kijiji mbele ya jumba. Bwana mkubwa wa wakati ule aliona moshi wa meko yao unamchafulia mandhari, akavunja nyumba zote, akapanda nyasi. Zilisimama wapi hasa, hakuna aliyejua. Philippa sasa alijua. Nusu ya jibu ilikuwa kwenye lundo la udongo, na nusu ya pili ilikuwa ardhini ikisubiri chai iishe.

"Biskuti, Profesa?" aliuliza Garrity. "Ya chokoleti. Hizi hatumpi Mossop."

Akaichukua. Kusema kweli angeweza kuila na kunyamaza. Hakuna aliyeona kitu. Kijiko cha katapila kingeshuka mara moja, mara mbili, na jioni angeandika ile sentensi yake, na Jumatatu kiti chenye mgongo kingekuwa pale pale. Alikaa hivyo kwa muda wa kunywa nusu kombe, akisikiliza Mossop akimwigiza mama mkwe wake, na hakuwahi kutamani kitu kama alivyotamani chai hiyo isiishe.

Garrity akavaa kofia. "Haya, mazizini. Saa nane, jamani."

Aliposhika ufunguo wa katapila, Philippa alikuwa amesimama mbele ya mashine, mvuani, mkono juu.

"Toka bwana Profesa!" Garrity alicheka. Akawasha. Akainua kijiko, akakiteremsha taratibu mpaka karibu na helmeti yake, kama anayempiga busu. Mossop akapiga makofi. "Mwacheni, amelewa chai!"

Mkono ukabaki juu. Maji yalimtiririka ndani ya mkono wa koti hadi kwapani. Hakuwa na uso mwingine wa kuwaonyesha. Ule wa mazishi alikuwa ameutumia kwa kuku, kwa dinosa, kwa meno, na sasa alipouhitaji ulikuwa umekwisha kazi. Kadiri alivyokaza ndivyo walivyocheka. Ilimbidi asubiri kicheko kife chenyewe, na kilikufa vibaya, kwa vipande, Mossop akiwa wa mwisho.

Garrity akazima injini, akashuka.

"Unamaanisha?" aliuliza Pask.

"Namaanisha. Chini hapa pana nyumba. Kile kiatu ni cha kweli."

"Tangu lini?"

"Niliona kabla ya chai. Nikadhani ni utani wenu. Nikamruhusu apite."

Pask akaangalia mtaro, akaangalia lundo. "Kwa hiyo tumevunja sisi."

"Nimevunja mimi. Nitasema hivyo."

"Utasema hivyo," alirudia Pask, bila ukali, kama mtu anayerudia namba ya basi. "Na kazi?"

"Imesimama. Mpaka ofisa wa wilaya afike aone."

"Anatoka wapi huyo?"

Philippa akataja mji. Ulikuwa mbali. Hakuna aliyemtazama Garrity, na kwa kutomtazama wakawa kama wote wamemkodolea macho.

"Aende tu," alisema Philippa. "Nitabaki mimi."

"Dereva haachi mashine juu ya mtaro ulio wazi, dada," alisema Garrity. " Hiyo ni sheria pia. Yako wewe si ya pekee."

Akarudi ndani ya katapila, akafunga mlango. Kupitia kioo, juu ya picha, Philippa alimwona akiweka simu sikioni. Mvua haikutosha kuziba maneno. "Mpe mama yako simu... Hapana mpenzi, si kwamba sitaki... Ndiyo, najua nilisema hivyo na ile ya mwezi uliopita."

Naye akapiga simu yake, kwa Imogen, mkuu wake wa kazi. Akaeleza yote, pamoja na dinosa, kwa kuwa bila dinosa habari ilikuwa haieleweki. 

"Ulikiona, ukafikiri ni mzaha," alisema Imogen.

"Ndiyo."

"Strudwick, hawa watu ni rafiki zako?"

Philippa akatazama kibanda. Mlango ulikuwa umefungwa, na mvuke umerudi dirishani. "Hapana," akasema.

"Andika ulivyoniambia. Kuku unaweza kumwacha."

Ofisa wa wilaya alifika giza likiingia, akiwa na tochi na mafua. Alishuka mtaroni, akapanda, akasema neno moja, "Lahaula," au neno la namna hiyo la kwao, kisha akaamuru bomba lipitishwe upande mwingine. Meko yangefukuliwa kwa mkono. Hakumfukuza mtu kazi. Philippa alipewa mwiko wa kuchimbulia, turubai na muda hadi Krismasi. Wengine wangempongeza.

Jumatatu katapila ilikuwa upande wa pili wa jumba, na kijana mwingine wa ofisini kwao, mwenye masharubu machanga, alikuwa amesimama kando yake akitazama shimo. Pask alipita karibu na turubai.

"Habari za asubuhi, Bi Strudwick."

"Nzuri, Mzee Pask."

"Ukihitaji mbao za kushikilia kingo, sema. Zipo."

"Asante."

Walikuwa waungwana, na waliendelea kuwa waungwana wiki nzima. Walimsogezea ngazi. Walimwachia njia. Garrity alimpungia mkono kila asubuhi kama anavyompungia mtu wa posta. Mossop alimletea ndoo za udongo kutoka kwenye lundo, akazishusha taratibu, akasema "hizi hapa, Bi," na siku moja tu akasimama kidogo kwenye kamba iliyozungushiwa meko.

"Aliyevaa kile kiatu," alisema. "Jina lake hamlijui?"

"Hapana."

"Wala hamtalijua."

"Nadhani hapana."

Mossop alitikisa kichwa, akavuta pumzi kama mtu mwenye la kuongeza. Philippa akangoja. Kichwani alikuwa na jibu tayari, la kuchekesha kabisa, kuhusu chifu na oveni, na alilishika pale ulimini kwa ajili ya neno lolote ambalo mwenzake angesema. Mossop akashika toroli lake, akaenda.

Akarudi kwenye ndoo. Aliyachagua mawe yaliyoungua kutoka kwenye udongo, akayaosha, akayajaribisha moja moja kwenye nusu duara iliyobaki, na mengi yakakubali kurudi mahali pake, huku mengine yakiwa hayana mahali tena. Kutoka upande wa pili wa jumba zilikuja kelele za injini, kisha injini ikazimwa, kisha kikaja kicheko cha wanaume, na ndani yake sauti moja changa, ya yule kijana wa masharubu, ikiuliza kwa mshangao ni nani huyo aliyezikwa na mwavuli.

Philippa aliweka jiwe la mwisho alilokuwa nalo. Akavua glavu, akalaza kiganja katikati ya meko, juu ya udongo mwekundu. Ulikuwa wa baridi. Moto wake ulikuwa umezimwa tangu kijiji kilipovunjwa, kwa hiyo hakuwa na sababu yoyote ya kushangaa. Hata hivyo mkono aliuacha pale.